Acha niitetee Seneti kwanza, halafu niiseme

Jumamosi moja nilikuwa kwa kinyozi hapa Kaptembwo, nimekaa kwa benchi nikingoja zamu yangu. Kwa TV kulikuwa na kesi ya gavana fulani pale Seneti. Mawakili wamevaa suti kali, maseneta wanalalamika nani amemkatiza nani. Kinyozi akazima mashine, akatazama kidogo, akasema: "Hawa watu wanalipwa kuangalia magavana wakigombana na MCA. Si wavunje tu hiyo kitu tuokoe doo."

Tulikuwa watu sita pale ndani. Hakuna aliyebisha. Hata mimi nilitingisha kichwa nikaendelea na simu yangu.

Naandika hii juu nimebadilisha msimamo. Na wasee msinielewe vibaya, si ati maseneta wamenifurahisha. Wengi wao bado wananikera. Kilichonibadilisha ni mshahara wa binamu yangu.

Binamu yangu ni nesi wa kandarasi katika hospitali moja ya umma kwenye hii Rift yetu. Kaunti sitaitaja, maana bado anahitaji kazi. Kuna wakati alikaa miezi mitatu bila kulipwa. Fikiria kukopa nauli ya matatu kila asubuhi ili uende kazi ambayo haikulipi, halafu ukifika unapata wadi imejaa, glavu hakuna, na mgonjwa anakutukana wewe, si gavana. Landlodi naye hataki kusikia kwamba pesa "ziko njiani". Alipouliza ofisini, jibu lilikuwa lile lile kila mwezi: Nairobi haijatuma.

Nilidhani huo ni uongo wa kawaida wa kaunti. Wakati mwingine ni uongo kweli. Lakini nilipoanza kufuatilia hizo pesa zinapitia wapi, nikakuta Seneti karibu kila kona, na karibu kila kona haina nguvu za kutosha. Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Shida ya Seneti si kwamba ipo. Shida ni kwamba ilipewa kazi ya kulinda pesa za kaunti, halafu ufunguo wa sanduku akapewa mtu mwingine.

Tuanze na kitu tunachojivunia hapa nyumbani. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikawa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mnakumbuka ile siku, Rais Uhuru Kenyatta akikabidhi hati, watu wakicheza. Wengi wetu tunafikiri rais alikuja tu na karatasi yake kutoka Nairobi. Si hivyo. Kulingana na Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, ombi linatoka kwa kaunti, bunge la kaunti linaidhinisha, halafu linapelekwa Seneti. Seneti ikikataa, rais hana hati ya kukabidhi. Kwa hivyo ukiona msee ameandika "jijini Nakuru" chini ya picha yake, ajue hilo neno lilipitia mikononi mwa maseneta. (Kama mitaro ya huku kwetu inajua kwamba tuko jijini, hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Sasa, "wavunje tu". Hii si mara ya kwanza Kenya kusema hivyo. Tulishawahi kuivunja.

Uhuru ulipokuja 1963 tulikuwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Spika wake alikuwa T. C. Chokwe. Katiba ile ilikuwa ya majimbo, na jimbo la Bonde la Ufa lilikuwa na makao yake hapa hapa Nakuru. Rais wa jimbo, ndiyo, jimbo lilikuwa na rais, alikuwa Daniel arap Moi. Kazi ya Seneti ilikuwa kuhakikisha serikali ya Nairobi haimezi majimbo. Mwaka mmoja haukuisha vizuri. Novemba 1964 chama cha KADU, ambacho ndicho kilipigania majimbo, kikajivunja na viongozi wake wakaingia KANU. Desemba tukawa jamhuri, majimbo yakabaki jina. Seneti ikawa kama soja analinda ploti ambayo nyumba yake ishabomolewa. Mwaka 1966 ikaunganishwa na bunge la chini.

Hapa ndipo nataka mshike. Unafikiri maseneta walikubalije kujifuta kazi? Hawakujifuta kazi, bana. Maeneobunge yaliongezwa 41, kutoka 117 hadi 158, hesabu ile ile ya maseneta. Seneti ilikufa, maseneta wakapata pa kwenda. Ikawa chumba kimefungwa lakini gharama ya watu imehamia chumba cha pili. Waliopoteza ni watu wa mashinani, ambao kwa miaka zaidi ya 40 hawakuwa na mtu Nairobi ambaye kazi yake ni kuuliza pesa za nyumbani ziko wapi. Ukitaka kujua maisha yalikuwaje, uliza mzee yeyote barabara ilikuwa inajengwa wapi na kwa nini. Ilikuwa inajengwa kwa wale waliopiga kura vizuri.

Kwa hivyo mtu akiniambia kuvunja Seneti kutaokoa pesa, mimi namuuliza: ulishaona wanasiasa wa nchi hii wakipunguza viti vyao wenyewe?

Kuna aliyejaribu. Mwaka 2019 Ekuru Aukot alikuja na Punguza Mizigo. Alitaka wabunge wote kwa jumla watoke 416 hadi 147, Seneti iwe ndogo lakini yenye nguvu, na mgao wa kaunti upande hadi asilimia 35. Ilipelekwa kwa mabunge ya kaunti na ikafia huko. Baadaye BBI nayo ikaja na asilimia 35 yake, na Seneti ya watu 94, mwanamume na mwanamke kwa kila kaunti. Hiyo ilizikwa na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022. Kabla ya hao wote, 2014, magavana wakiongozwa na Isaac Ruto wa hapo Bomet walikuwa na Pesa Mashinani, wakitaka asilimia 45. Unaona vile wazo la kuongeza pesa za kaunti halijawahi kukosa watu. Linakosa tu mtu ambaye yuko ndani ya nyumba na ana kura inayouma.

Katiba ya 2010 inasema nini basi? Kifungu cha 96 ni kifupi, kisome siku ukiwa na dakika mbili. Seneti inawakilisha kaunti na kulinda maslahi yake. Inatunga sheria zinazohusu kaunti. Inaamua pesa za kaunti zigawanywe vipi kati ya kaunti 47, na kuangalia zinavyotumika. Na rais au naibu wake wakishtakiwa na Bunge la Kitaifa, Seneti ndiyo mahakama. Hii ya mwisho mliiona wenyewe tarehe 17 Oktoba 2024, usiku wa Rigathi Gachagua. Bunge la Kitaifa lilikuwa limepeleka mashtaka 11, Seneti ikamkuta na hatia kwa matano. Nchi nzima ilikuwa macho. Hata mathe wangu, ambaye hulala saa tatu, alikaa.

Lakini jiulize, bajeti ikisomwa, Seneti inapiga kura? Hapana. Mswada wa Fedha? Hapana. Kifungu cha 114 kinasema miswada ya pesa ni ya Bunge la Kitaifa peke yake.

Juni 2024 nilikuwa Kenyatta Avenue pamoja na nyinyi, macho yakiwasha moshi. Tulikuwa na orodha ya wabunge mkononi, nani amesema ndiyo, nani amesema la. Tarehe 25 wakapitisha ule mswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Katika ile orodha hakukuwa na seneta hata mmoja, na wengi wetu hatukujua kwa nini. Nilimwona jamaa akimtafuta seneta wake pale ili amtumie meseji ya matusi. Seneta hakuwa na kura ya kutukaniwa.

Halafu ikatokea kitu ambacho hatukukipigia kelele vya kutosha. Rais aliuondoa mswada, tukasherehekea. Wizara ya Fedha ikatafuta mahali pa kukata, na kaunti zikawa kwenye meza ya kukatwa. Mgao ambao ulikuwa umeshakubaliwa, shilingi bilioni 400.1, Bunge la Kitaifa likataka uwe bilioni 380. Seneti ikakataa. Wakavutana miezi kadhaa hadi wakaishia bilioni 387.4. Mwaka uliofuata, 2025/26, mchezo ule ule: Bunge la Kitaifa likasema 405.1, Seneti ikasema 465, kamati ya upatanisho ikatoka na 415.

Hesabu hiyo ya pili ni rahisi. Bila Seneti ingekuwa 405.1. Tofauti ni karibu bilioni 10. Zigawe kwa kaunti 47 na uone ni mishahara ya manesi wangapi. Hiyo ndiyo sehemu ya utetezi wangu, na ndiyo maana sitaki ivunjwe.

Najua mtu wa Nakuru atasema: lakini sisi tunapunjwa mle ndani. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 2,162,202, wa tatu nchini baada ya Nairobi na Kiambu. Lamu walikuwa 143,920. Na kwenye mambo ya kaunti, Nakuru kura moja, Lamu kura moja. Ni haki kweli?

Nilikuwa nasema si haki. Halafu nikakumbuka 2020. Mlikuwa mmefungiwa nyumbani na korona, labda hamkufuatilia. Kulikuwa na fomula mpya ya kugawa pesa, na ilikuwa inazingatia sana idadi ya watu. Nakuru ingepata zaidi. Samburu, Mandera na wenzao wangepoteza mabilioni. Mstari wa wakati huo ulikuwa ule wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, na huku kwetu wengi tuliushangilia. Seneti ikakwama. Kikao baada ya kikao, hakuna anayefikisha kura. Tarehe 17 Agosti maseneta watatu walikamatwa siku ile ya kura: Christopher Lang'at wa Bomet, Steve Lelegwe wa Samburu na Cleophas Malala wa Kakamega. Wawili ni majirani zetu. Bado hawakulegea. Septemba 17 wakakubaliana, na makubaliano yalikuwa kwamba hakuna kaunti inapoteza hata shilingi, juu rais aliahidi mgao wa jumla utapanda hadi bilioni 370.

Sasa angalia vile ilifanyika. Kama kura zingehesabiwa kwa idadi ya watu, sisi na Kiambu na Nairobi tungeshinda mchana kweupe na Samburu wangeambiwa pole. Kwa sababu kila kaunti ilikuwa na kura moja, ilibidi wakubwa watafute pesa zaidi badala ya kunyang'anya wadogo. Hiyo sufuria kubwa iliwafaa hata wa Nakuru. Mimi ni wa hapa, ningependa tupate zaidi, na hospitali yetu kubwa inahudumia watu kutoka Baringo, Nyandarua, Kericho na hata mbali zaidi, kwa hivyo hoja tunayo. Lakini ukienda Barpello au Maralal uone umbali wa kituo cha afya, utajua kwamba idadi ya watu si kipimo cha kila kitu. Kilomita pia ni kipimo. Afrika Kusini nao hufanya hivyo hivyo katika Baraza lao la Mikoa: mikoa tisa, kila mmoja kura moja kwenye mambo ya mikoa, awe Gauteng au Northern Cape.

Haya, nimeitetea. Sasa niiseme.

Kwanza, pesa zikishagawanywa hazifiki. Kifungu cha 219 kinasema mgao wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu na bila kukatwa. Tunaambiwa hivyo. Kisha binamu yangu anakaa miezi mitatu. Seneti hufanya nini? Inaita Wizara ya Fedha. Waziri au katibu wake anakuja, anaeleza kwamba makusanyo ya ushuru yako chini, anaahidi, anarudi ofisini. Mwezi unaofuata wanaitana tena. Kuitana si nguvu. Mimi ningetaka sheria iseme hivi: tarehe iliyowekwa ikipita na pesa za kaunti hazijatoka, Msimamizi wa Bajeti aruhusiwe kuzitoa moja kwa moja bila kungoja waziri aone huruma. Na waziri ambaye hajatuma asipate kufungua pochi nyingine hadi hii ifungwe. Mishahara ya wabunge haicheleweshwi miezi mitatu, sindio? Kumbe inawezekana.

Pili, kuna ujanja kwenye ile asilimia 15. Katiba inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali. Sawa. Lakini asilimia 15 ya mapato ya mwaka gani? Ya hesabu za hivi karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Soma tena hapo mwisho. Bunge la Kitaifa likikaa na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kwa miaka kadhaa bila kuziidhinisha, kaunti zinapimiwa kwa mapato ya zamani, wakati bei ya dawa ni ya leo. Ni kama mwajiri akupigie hesabu ya nyongeza kwa mshahara uliopata ukiwa kibarua. Mwenye kupima na mwenye kufaidika na kipimo kuwa kifupi ni yule yule. Hapa mabadiliko ni madogo sana: hesabu ziidhinishwe na mabunge yote mawili, na zikikaa zaidi ya mwaka mmoja baada ya mkaguzi kuzitoa, zihesabiwe zimeidhinishwa. Sijasikia mwanasiasa akilipigia hili kampeni, labda kwa sababu halina picha nzuri ya kupiga.

Tatu ni ripoti. Watu wa Nakuru tunajua hili kwa uchungu. Tarehe 9 Mei 2018 usiku, bwawa la Patel huko Solai lilipasuka. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi watoto, wakiwa ndani ya nyumba zao. Seneti iliunda kamati maalum, mwenyekiti akiwa Mutula Kilonzo Junior, ikasikiza watu, ikaandika ripoti. Kazi nzuri. Lakini ripoti ya Seneti ni karatasi ya mapendekezo. Wizara, kaunti na idara husika zinaweza kuisoma au kuiweka chini ya kikombe cha chai. Siombi Seneti iwe mahakama, hapana. Naomba kitu kidogo tu: kila ofisi iliyotajwa kwenye ripoti iwe na siku 60 kurudi mbele ya kamera na kusema imefanya nini, na kama haijafanya, kwa nini, na afisa mwenye jina. Watu wa Solai hawakupaswa kuwa ndio wanaokumbusha serikali kila mwezi Mei ukifika.

Nne, na hapa najua nitapoteza wafuasi wengine, ni kiti cha gavana. Angalia 2022. Seneta wetu Susan Kihika akawa gavana wa Nakuru. Johnson Sakaja akatoka Seneti akawa gavana wa Nairobi. Irungu Kang'ata, Murang'a. James Orengo, Siaya. Huyo Mutula wa kamati ya Solai, Makueni. Kwa upande mwingine, Ali Roba alimaliza ugavana Mandera akaenda Seneti. Hakuna kosa hapo, sheria inaruhusu, na wengine wamechaguliwa kwa kura nyingi. Lakini fikiria wewe ni mkaguzi wa duka, na unajua miaka mitatu ijayo unataka duka liwe lako. Utakagua vipi? Kuna utakayemchimbia shimo juu unataka kiti chake, na kuna utakayemfichia juu unataka akuunge mkono. Ndiyo maana ukiona seneta na gavana wa kaunti moja wanarushiana maneno, huwezi kujua kama ni ukaguzi au ni kampeni. Mimi ningeweka pengo la muhula mmoja: ukikagua kaunti, hugombei ugavana wa kaunti hiyo hadi miaka mitano ipite. Vivyo hivyo kwa gavana anayetaka kwenda kukagua hesabu zake mwenyewe. Mnaweza kunipinga kwamba hiyo inanyima watu haki ya kuchagua. Ni hoja ya maana. Nimeifikiria na bado naona pengo ni bora.

Kesi za magavana zenyewe, zile za kwa kinyozi, sizidharau. Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi waliondoka kwa njia hiyo 2020. Lakini wakati mwingine ni vituko. Oktoba 2024 gavana wa Kericho, Erick Mutai, aliponea juu ya hesabu ya darasa la tano. MCA 31 kati ya 47 walikuwa wamepiga kura ya kumbandua, na theluthi mbili ya 47 ni 31 na kidogo. MCA na kidogo hayuko duniani, kwa hivyo walihitaji 32. Kesi ikaisha kabla mtu yeyote ahojiwe kuhusu pesa. Siku nzima ya Seneti ilienda kwa desimali.

Halafu vijana. Katika maseneta 67, waliochaguliwa ni 47. Kuna wanawake 16 walioteuliwa na vyama, wawili wa kuwakilisha watu wenye ulemavu, na wawili wa kuwakilisha vijana, mmoja mwanamume, mmoja mwanamke. Wawili, kwa nchi ambayo ukirusha jiwe Section 58 litampata kijana kabla limpate mzee. Na hao wawili wanawekwa na chama, si na sisi. Kwenye hoja za kaunti hawana hata kura yao, juu kura ni moja kwa kaunti na anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa. Kwa hivyo mwakilishi wa vijana anaweza kuongea vizuri kuhusu bajeti ya vyuo vya ufundi, halafu wakati wa kura anakaa kutazama. Kama tutagusa Katiba, viti hivyo vipigiwe kura na vijana wenyewe, na viwe na kura kamili.

Sasa nifike kwa kile ambacho kimenifanya niandike leo badala ya kulala. Julai 1, 2025, Bunge la Kitaifa lilipitisha mswada wa kubadilisha Katiba. Ndani yake kuna hazina tatu: NG-CDF ya wabunge, NGAAF ya wawakilishi wanawake, na hazina ya uangalizi ya maseneta. Kumbuka Mahakama Kuu ilikuwa imesema Septemba 2024 kwamba NG-CDF inakiuka Katiba. Kwa hivyo wabunge wakatafuta njia ya kuiingiza ndani ya Katiba yenyewe, na ili maseneta wasikatae, nao wakatengewa mfuko wao.

Maseneta wamelia miaka mingi kwamba hawana pesa za kukagua. Kilio hicho nakielewa. Huwezi kukagua maeneobunge 11 na wadi 55 za Nakuru ukiwa na dereva na msaidizi mmoja. Lakini mlinzi akiomba ufunguo ukampa posho, amebaki bila ufunguo, na sasa ana sababu ya kunyamaza. Ukiniuliza, pesa za ukaguzi ziende kwa kamati na wataalamu wa hesabu wa Bunge, zionekane kwenye bajeti ya Bunge kama kitu kingine chochote. Zisiwe hazina yenye jina la cheo cha mtu. Tunajua hazina zenye majina ya vyeo huishia kwa fulana na kofia karibu na uchaguzi. Seneti ingeweka sharti lingine: tutaunga mkono mabadiliko mkitupa kura kwenye sehemu ya bajeti inayogusa kazi za kaunti, yaani afya, kilimo, maji, barabara za mashinani. Hapo ningewapigia makofi.

Na habari njema, au mbaya, inategemea unavyoamka siku hiyo: kazi za Bunge haziwezi kubadilishwa na wanasiasa peke yao. Kifungu cha 255 kinataja kazi za Bunge na muundo wa ugatuzi kati ya mambo ambayo lazima yaende kwa kura ya maamuzi. Angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika nusu ya kaunti, na wengi wakubali. Yaani wakitaka kuivunja Seneti, au kuipa meno, lazima waje hadi Kaptembwo, Rhoda, Kiamunyi, Njoro na Molo kutuomba.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Wanaotaka useneta wa Nakuru wataanza kuja na spika zao muda si mrefu. Mimi nitakuwepo na simu imechajiwa, na nina maswali mawili ya kuwauliza, muyabebe pia mkikutana nao kabla yangu. Moja: unakuja kukagua au unakuja kungoja kiti cha gavana? Mbili: pesa za kaunti zikichelewa siku 30, wewe binafsi utafanya nini siku ya 31?

Nilimsomea binamu yangu haya maswali kwa simu. Akasema niongeze la tatu, kama wanajua bei ya boksi moja ya glavu.